Chini ya Cherehani

Meza ya cherehani iligongwa kutoka chini kabla hata mapazia ya nyumba mpya hayajatundikwa. Mara mbili, taratibu, kama kidole kwenye mbao. Fundi wa kushona alikuwa peke yake chumbani, amesimamisha mashine ili akate uzi. Mwanamke mwingine angetupa mkasi akatoka mbio. Yeye alitabasamu, machozi yakamlengalenga.

"Umefika," alinong'ona, akaendelea kushona.

Usimcheke kwanza. Yeye na mumewe, ambaye watu walimwita Dereva hata baada ya kuachana na malori, walikuwa wamepanga kwenye ghorofa za serikali tangu walipooana. Nyumba ya serikali ina masharti yake. Rangi ya ukuta huchagui, msumari hupigi bila ruhusa, na mkaguzi akija anachungulia mpaka chini ya sinki kana kwamba umeficha ng'ombe. Humo ndimo walimozalia mabinti wawili. Mkubwa alikua akawa muuguzi. Mdogo hakufikia umri wa shule. Homa ilimchukua ghafla, akafia chumba cha nyuma, hatua chache kutoka kwenye cherehani ya mama yake. Kazi yake kubwa duniani ilikuwa kukaa chini ya meza ile akiokota vipande vya vitambaa, na mashine ikinyamaza, anagonga mara mbili: mama, ongeza.

Baada ya maziko, Dereva alikataza jina la mtoto lisitajwe. Hakuwa na roho mbaya. Kila alipolisikia alitoka nje pekupeku akatembea mpaka jioni, na mkewe aliogopa kupoteza wawili. Jina likafukiwa, miaka ikapita, na wote wakazoea. Ila fundi hakuacha kuongea na ile kona. "Mwanangu, leo nashona sare," angesema. Mara mojamoja alidhani anajibiwa, lakini kwenye ghorofa kuna majirani juu, chini na ubavuni. Huwezi kujua nani kagonga nini.

Ndiyo maana siku ya kukabidhi funguo, mkaguzi akiwa anasubiri ngazini na Dereva anapiga honi huko chini, fundi alirudi chumba cha nyuma kilichokuwa kitupu. Moyo ulimuuma kama mzazi anayemtelekeza mtoto stendi.

"Twende, mwanangu," alisema. "Tumepata kwetu. Njoo tukae wote."

Jina hakulitaja. Mdomo ulishazoea kulimeza.

Nyumba mpya ilikuwa ndogo, lakini yao. Dereva alipigilia misumari kila ukuta, kwa raha tu ya kutoomba ruhusa. "Unataka kutundika nini, mume wangu, roho yako?" mkewe alimtania. Siku hizo walicheka sana. Muuguzi akienda zamu alimwacha kwao bintiye mdogo, na mjukuu naye akaipenda kona ya chini ya cherehani. Fundi aliona ni baraka. Maskini, hakujiuliza kwa nini chumba kile kilianza kunuka nywele zilizoungua, wala kwa nini mgongo wa kiti chake ulikuwa baridi hata jua likiwa kali.

Kisha kugonga kule kukahama. Hakukutoka tena chini ya meza tu. Kulisikika kabatini, kukapanda kwenye kizingiti cha juu cha mlango, mahali ambapo Dereva mwenyewe hufika kwa ngazi.

"Unaongea na nani huko chini?" fundi alimuuliza mjukuu alasiri moja.

"Na mama mdogo."

Fundi aliachia kitambaa. Hakuna aliyewahi kumwambia mtoto yule kwamba mama yake alikuwa na mdogo wake.

"Nani kakwambia una mama mdogo?"

"Mwenyewe."

"Yukoje, mjukuu wangu?"

"Amejikunja, bibi. Akisimama kichwa kinagusa dari."

"Na uso wake?"

"Bado hana." Mtoto aliendelea kufunga vipande vya vitambaa. "Anasema atavaa wangu, ukishakwisha kwangu."

Tangu siku ile mjukuu alikataa chakula. Hospitali walipima hiki na kile, hawakuona ugonjwa. Muuguzi, aliyewafariji wagonjwa wa watu mchana kutwa, alilia jikoni kwa mama yake. Na magharibi moja, fundi alipokwenda kumfunika mtoto, alimkuta amelala chali, macho wazi, mashavu yamelainika, mstari wa midomo umefifia na nyusi nazo zinafutika kama chaki kwenye nguo iliyopigwa pasi, na juu yake, kutoka pembe ya dari mpaka kitandani, kitu kirefu chenye harufu ya nywele zilizoungua kilikuwa kimeinama kama mzazi anayembusu mwanawe, na mahali pa uso wake nyusi mbili ndogo zilikuwa zimeanza kuota.

"Mama," kilisema, kwa sauti ya mtoto. "Ongeza."

Fundi alimnyakua mjukuu, akatoka naye akipiga kelele.

Walimleta mganga, mwanamke mfupi mkavu asiyependa maneno mengi. Alinusa chumba, akamgeukia fundi.

"Nani alikileta?"

"Mimi," fundi alijibu. "Nilimwita mwanangu."

"Kwa jina?"

Fundi alimtazama mumewe. Dereva aliinamisha kichwa.

"Nilisema tu, twende mwanangu, siku tunahama ghorofani."

"Mahali pa watu wengi namna ile, ukisema njoo bila kusema nani, anakuja anayetaka kuja," mganga alisema. "Sasa ni mgeni wako. Uliyemkaribisha utamsindikiza wewe. Usigeuke nyuma. Getini umkane. Na nyumba hii, mama, usimwite tena humu yeyote ambaye hapumui. Siku ukifungua mdomo, huyu ndiye atakayetangulia, na atakuja kumalizia uso wa mtoto."

Fundi alitangulia kuelekea getini. Nyuma yake zilisikika hatua za mtoto, nyepesi, za miguu mitupu, ila kivuli kilichompita mbele kilikuwa kirefu kuliko ukuta wa uani. Getini kikaanza kulia. Kililia kilio kile hasa cha ile homa, kikimwita mama, kikimwomba maji, na fundi alishika chuma cha geti kwa mikono miwili, kwa sababu maji yale aliwahi kuyapeleka na hayakusaidia.

"Wewe si mwanangu," alisema. Ilikuwa kama kumzika mara ya pili. Geti likajifunga lenyewe.

Mjukuu alipona. Alikula mpaka Dereva akatania kwamba atawala na wao. Harufu ikaisha. Fundi alishona kidogo kidogo, bila kuiangalia kona.

Kisha asubuhi moja simu ililia. Alikuwa mwalimu wa kike aliyepewa nyumba yao ya zamani.

"Shikamoo, mama. Samahani kukusumbua." Alinong'ona kama mtu anayejificha. "Chumba cha nyuma, pale konani, kulikuwa na nini?"

"Marahaba. Cherehani yangu. Kwani vipi?"

"Kuna mtoto, mama. Simwoni. Anagonga mara mbili, ananyamaza, anagonga tena. Analia. Anauliza mbona mashine imenyamaza."

Fundi alikaa. Jina lilimpanda mpaka kwenye ulimi, jina zima, baada ya miaka yote ile. Dereva, aliyesimama mlangoni akisikiliza, aliliona midomoni mwake. Mjukuu alikuwa sakafuni, anafunga vipande vya vitambaa.

Alilimeza.

"Mwalimu," alisema, "nakuomba, mwanangu. Fungua sauti ya simu, uiweke chini, pale pale konani."

Aliweka yake juu ya meza, akakanyaga pedeli. Hakukuwa na nguo wala uzi. Sindano ilipanda na kushuka bure, mashine ikaunguruma, na huko kwa mwalimu kilio kikatulia. Alishona hivyo mpaka goti likamuuma. Aliposimama kidogo tu avute pumzi, kutoka ndani ya simu, chini kabisa, kukagongwa mara mbili, kidogo, taratibu.

Fundi akakanyaga tena.