Gemu la Kuingia kwa Miguu

Siku Twalib alipokutana na Najat, kila mmoja alikuwa ameshika ncha moja ya godoro bovu, na hakuna aliyekuwa tayari kuachia.

Ilikuwa Buguruni sokoni, mwaka tisini na sita, mfungo unakaribia. Muuza makorokoro alikuwa amemwaga mali yake juu ya turubai: pasi za mkaa, feni isiyo na shingo, viatu vya mguu mmoja mmoja, na hilo godoro la sponji, limechakaa pembeni lakini katikati bado zima. Najat alivaa gauni refu la zambarau na ushungi mweupe, na shingoni ilining'inia futi ya kupimia nguo, aliyosahau kuivua alipotoka kazini.

"Kaka, achia. Nimelishika mie mwanzo."

"Umelishika miguuni, dada. Mie nimelishika kichwani."

"Godoro lina kichwa?"

"Hili litakuwa nacho. Likifika kwangu linageuka zimwi."

Najat akamtazama mtu huyu, mwembamba, shati la maua limefunguka vifungo viwili, meno yote nje. "Mie nashona mito ya makochi, Kinondoni. Wewe na zimwi lako tafuteni mkeka."

Muuzaji, aliyekuwa amewahi kuona watu wakigombea magodoro mazuri zaidi, akakaa juu ya kreti kustarehe. Twalib akapata hadhira, na Twalib akipata hadhira hata mwizi humsamehe. Akaeleza kwamba yeye na rafikiye Didas wana chumba cha gemu Temeke, televisheni mbili na kaseti chache, na watoto wanapanga foleni hadi barabarani. Gemu wanalolipenda kuliko yote ni la kijitu kimoja pekupeku kinachoruka mito ya moto na kupanda ngome, mpaka kinafika kwenye mlango wa mwisho unaolindwa na zimwi.

"Wanalicheza kwa vidole," akasema. "Mie nataka walicheze kwa miguu. Kila Idi pale kiwanjani ni bembea, mwakani bembea tena. Safari hii mtu anaingia ndani ya gemu lenyewe. Mto wa moto ni matairi. Ngome ni mapipa. Zimwi ndilo hili unaloling'ang'ania."

"Na ngozi ya zimwi anashona nani?"

"Nilikuwa nafikiria gundi."

"Gundi. Na jua la Temeke." Najat akaachia ncha yake. "Lilete Kinondoni. Nitakushonea, sponji litakalobaki langu."

Mapenzi mengine huanza kwa waridi. Haya yalianza kwa pini. Mwezi mzima wa Ramadhani, jioni baada ya kazi, Twalib alisimama barazani kwa shangazi yake Najat amevishwa kitambaa cha kijani, huku Najat akimzunguka na pini mdomoni, akimchoma moja kila alipotania kupita kiasi. Mdomo wa zimwi ulimpa Najat kazi kuliko kiungo kingine chochote: aliukata mpana, akautia bitana nyekundu na meno ya khaki, na akaushona kwa mkono ili sauti ipite vizuri. Mabaki ya bitana ile akayakata tepe nyembamba. Kila mtoto atafungwa tatu mkononi, ndiyo maisha yake. Akianguka, anatoa moja.

Siku ambazo hawakuonana, waliongea kwa simu. Twalib alipokea ya duka la dawa jirani na chumba cha gemu.

"Hapo ni kwa mazimwi?"

"Zimwi mwenyewe anaongea. Ameshinda na njaa, anakuulizia wewe."

"Mwambie afuturu kwanza. Sikiliza, Twalib, baba amekubali. Hataki mshenga kabla hajakuona uso. Idi mosi, baada ya adhuhuri, uje na mjomba wako Mfaume. Wazee wote watakuwepo."

Twalib akashusha sauti. "Umemwambia nafanya kazi gani?"

"Nimemwambia unajenga."

"Najenga nini?"

"Hakuuliza. Na wewe usimwambie kabla hajala." Najat akacheka, kisha akaacha kucheka. "Halafu usisahau, sie kwetu tunafuata mwezi wa Maka. Ukiandama kule, kwetu Idi. Hatungoji redio."

"Kumbe hata mwezi mna wa kwenu."

"Nakwambia jambo la maana, Twalib."

"Nimesikia, mpenzi. Hata ukiandama Kunduchi nitakuja."

Ndivyo alivyokuwa. Alikuwa na jibu la kila jambo, na jibu likishatoka mdomoni, jambo lenyewe nalo linatoka kichwani.

Asubuhi ya siku ya mwisho ya mfungo, redio ilikuwa imewaambia watu wamalizie thelathini, na sehemu kubwa ya Temeke ilikuwa imefunga. Twalib, Didas na mafundi walikuwa kiwanjani wanapaka mapipa rangi ya kijani. Twalib alivaa zimwi zima, kichwa hadi kwato, aone kama atapata pumzi. Hapo wakaanza kupita watu wa kanzu nyeupe wakitoka kuswali Idi yao, kimyakimya, mmoja mmoja. Mbele yake akapita mzee mwembamba mwenye fimbo nyeusi, kanzu imepigwa pasi mpaka mikono ina ncha.

"Mzee," zimwi likanguruma, "mwezi mmeuona, au mmeuota kwa njaa?"

Mafundi wakaangua kicheko. Kicheko cha watu kilikuwa pombe ya Twalib, akaongeza.

"Siku moja tu ya subira imekushinda? Pilau imekuita kwa jina?"

Mzee akasimama. Akalitazama zimwi kutoka pembe hadi kwato, bila haraka. "Idi njema, mwanangu," akasema, akaenda zake. Mafundi wakacheka tena, lakini safari hii kila mtu alikuwa anaangalia brashi yake.

Jua lilipokwisha kupinda, Didas alikuja na swali. Didas alikuwa mtu wa Rombo, mtaratibu, kanisani haachi, na mambo ya Waislamu aliyauliza kwa adabu kama mgeni anayeuliza choo.

"Hivi, Twalib, nisaidie mie nisiye mwenzenu. Wale wa kanzu ndio wanaofuata mwezi wa Maka?"

"Ndio hao."

"Na kina Najat wanafuata upi?"

Brashi ikatumbukia ndani ya pipa.

Twalib alijisugua kwa mafuta ya taa, akanuka kibatari, na kijani kikabaki kwenye kucha na nyuma ya masikio. Mjomba Mfaume alikuwa Kipawa, ananyoosha kanzu yake ya kesho. Twalib akaenda peke yake, akikimbia, anapunguza mwendo, anakimbia tena.

Alipofika kwenye kona ya mtaa wa kina Najat, Tandika, alasiri ilikuwa imeingia. Majirani walikuwa wanatoka na masinia yaliyofunikwa. Wazee walikuwa mlangoni wanatafuta viatu vyao, hawaongei sana. Uani kilibaki kiti kimoja katikati, chenye mto mpya mwekundu, na Najat, gauni la rangi ya dhahabu, hina hadi viwikoni, akakiinua mwenyewe akakiingiza ndani. Hakumwachia mtu amsaidie.

Mlangoni alisimama baba yake, Mzee Mwishehe, akiwaaga wageni. Twalib aliitambua fimbo kabla ya kumtambua mwenye fimbo.

Uso ukamwaka moto mpaka rangi ya nyuma ya masikio ikamwasha. Zilikuwa hatua chache tu. Angekwenda, angesema, angetukanwa, mambo yangekwisha. Akageuka, akarudi alikotoka, akipita kandokando ya kuta kama mtu aliyeiba kuku.

Kesho yake Temeke yote ikawa Idi. Simu ya duka la dawa ililia asubuhi, na Twalib akaipokea akiwa na mwili wa zimwi, kichwa kakiweka kwapani.

"Najat, nilisahau. Sina neno lingine."

"Kusahau nilikusamehe tangu jana," Najat akasema. Sauti yake ilikuwa imelala chini, haina mchezo. "Nikasema labda gari limemgonga, Mungu amnusuru. Baada ya wageni kuondoka, baba akatupa kisa. Kumbe kuna zimwi kiwanjani linawazomea watu wanaotoka kuswali. Kaka zangu wakataka kwenda kulichoma. Baba akawaambia kaeni, kinyago hakina akili." "Mdomo ule nimeushona mie, Twalib. Nilikaa pale na hina yangu, nayasikia maneno yako yanatoka kwenye mdomo wangu, nikanyamaza kama sikujui."

"Ningejua ni baba..."

"Asingekuwa baba ingekuwa sawa?"

Twalib akaiangalia sakafu.

"Na kuja hukuja kabisa?" Najat akauliza. Ndani ya swali mlikuwa na mlango mdogo, ameuacha wazi makusudi.

Lakini anayesema alifika kwenye kona lazima aseme pia aligeuka. "Sikuja," Twalib akasema.

Simu ikakatwa.

Gemu lilijaa. Watoto walikuja na miwani ya plastiki, magauni yenye mapambo, suruali zilizokunjwa mara mbili ili zifae na mwakani. Wakarukia matairi, wakapanda mapipa, wakapiga kelele, wakatoa tepe zao wakilia na kucheka. Walipofika mlango wa mwisho wakakuta zimwi limesimama, mikono imelegea, linawafungulia tu.

"Zimwi bubu hili," mtoto mmoja akalalamika kwa Didas. "La kwenye televisheni linatukana."

"Leo limefunga mdomo," Didas akasema.

Jioni, kutoka ndani ya kichwa cha sponji, Twalib aliona fimbo nyeusi getini. Nyuma yake Najat, khanga imebanwa kwapani, macho yako kwenye bembea.

"Shikamoo, mzee," Didas akasema. "Wewe pitia pembeni, huko hakuna kuruka."

"Marahaba. Huko pembeni kuna gemu?"

"Hakuna."

"Basi nifunge."

Didas akamfunga tepe tatu juu ya mkono wa kanzu. Mzee Mwishehe akaiingia dunia ya Twalib kwa miguu yake. Kwenye mto wa moto fimbo ilizama katikati ya tairi, akakaa chini kitako. Akainuka, akajipangusa, akachomoa tepe moja na kumpa Didas, aliyekuwa anajifanya hakuona. Ngome aliizunguka, akasema mwenye nyumba wa busara hupita mlangoni. Akafika mbele ya zimwi, anahema, anatabasamu kidogo.

"Jana ulikuwa na maneno," akasema.

Twalib akavua kichwa. Watoto wakaguna, hawakuwa wamefikiri kwamba ndani kuna mtu, tena mwenye masikio ya kijani.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba. Najat ameniambia. Ndiwe unayejenga?"

"Ndimi. Najenga hivi." Hakuwa na pa kuficha mikono, kwato zilikuwa kubwa. "Baba, niliyokwambia jana ni aibu yangu. Nakuomba radhi, na wale wazee pia."

"Hilo la mwezi nimeshalicheka. Pilau kweli iliniita kwa jina." Mzee akaegemea fimbo. "Mie nauliza jingine. Jirani yangu alimwona kijana kwenye kona, ananuka mafuta ya taa, anaambaa ukutani kama mwizi. Alikuwa nani?"

Najat akageuza uso. Kwa mara ya kwanza siku ile akamtazama.

Twalib angeweza kusema hakuwa yeye. Jibu lilikuwa limeshafika ulimini, tena lingechekesha. Akalimeza.

"Nilikuwa mie. Niliona Najat anakiingiza kile kiti. Nikashindwa kuja, nikarudi. Na leo nilimwambia sikufika, maana kugeuka niliona ni kubaya kuliko kutokuja."

"Na ni kubaya kweli," Najat akasema.

"Najua."

Mzee Mwishehe akazitazama tepe mbili zilizobaki mkononi mwake. "Nimeambiwa hapa mtu hupewa maisha matatu. Wewe moja umelimalizia njiani, la pili kwenye kona yangu." Akafungua tepe moja polepole, akamfunga Twalib juu ya kwato, fundo la mvuvi lisilofunguka kwa mzaha. "Jumapili, na mjomba wako. Jumapili hiyo haingoji kuandama kwa mwezi, iko palepale kwa wote."

Akaenda kutafuta juisi ya ukwaju. Wakabaki wawili, na watoto wakikodoa macho.

"Kiti bado kipo?" Twalib akauliza.

"Kipo. Mto nimeuondoa. Utakalia mbao." Najat akachomoa sindano na uzi kwenye pindo la ushungi wake. "Lete hicho kichwa."

"Kimechanika?"

"Hakijachanika. Naupunguza mdomo." Akakipakata magotini, akapenyeza uzi, akaanza kuushona mdomo wa zimwi kutoka pembeni kuja katikati. "Usiogope, nitakuachia pa kupumulia."