Jora la Tatu

Kila siku akitoka shule, Chiriku alipitia mlango wa mbele, kwa sababu mlango wa mbele ndio uliokuwa wa karakana. Aliwaamkia mama yake, shangazi yake na mafundi wengine wawili, akala upesi, akavua sare, akajifunga ushungi wake wa zamani wenye madoa ya chaki, kisha akaenda uani kwenye mapipa ya maji. Alikuwa na umri wa miaka kumi na miwili. Waliomwita Chiriku hawakukosea, maana alianza kusema kabla hajajua kutambaa, na tangu siku hiyo hajanyamaza.

Karakana yenyewe ilikuwa chumba cha mbele cha nyumba yao. Ilikuwa na vyerehani vinne, meza ndefu ya kukatia, pasi nzito na kioo kilichopasuka pembeni. Mafundi wote wanne walikuwa wanawake wa mtaa ule, wote wamejifunga ushungi, na wote wana midomo. Juu ya mlango Mama alikuwa ameandika kwa rangi nyeupe: MAFUNDI WANAWAKE. Maneno hayo mawili tu yaliwakera watu kuliko kelele za vyerehani vyote vinne.

"Mumeo ameshindwa kukulisha?" waliuliza wapita njia.

"Mume wangu ananilisha vizuri, tazama mashavu yangu," Mama alijibu bila kuinua mguu kwenye cherehani. Baba yake Chiriku alikuwa dereva wa lori, na chumba kile alikitoa yeye mwenyewe kwa hiari yake. "Nashona kwa sababu nina mikono. Wewe yako unaifanyia nini saa hizi?"

Aliyesema zaidi ya wote alikuwa Fundi Tai, mshonaji wa ng'ambo ya barabara. Aliitwa hivyo kwa sababu futi yake ya kupimia ilining'inia shingoni kama tai ya karani tangu asubuhi mpaka jioni, hata akiwa anakula. Kwa miaka kumi na moja yeye ndiye aliyeshona sare za shule anayosoma Chiriku. Mwaka ule mwalimu mkuu alichoka na mishono inayofumuka, akawapa kina mama kazi ya majaribio: sketi sitini za wanafunzi wapya. Zikiwa nzuri, wangepewa sare za shule nzima. Zikiwa mbovu, basi tena.

Kitambaa cha pamba kina tabia ya kusinyaa kikifuliwa mara ya kwanza. Kwa hiyo katika karakana ya Mama hapakukatwa jora lolote kabla halijalala majini usiku kucha, likaanikwa, likapigwa pasi. Fundi Tai hakujisumbua hivyo. Yeye alishona nguo kubwa kubwa na kuwaambia wazazi, "Mtoto atakua." Kazi ya kuroweka ilikuwa ya Chiriku, na sketi sitini zilihitaji majora matatu.

La kwanza alilizamisha vizuri. La pili pia. Jora la tatu lilikuwa zito, na siku hiyo wenzake walikuwa wakimwita kwa nje, mpira umeshaanza. Chiriku akaona halina neno. Akalitandaza kwenye kamba, akalinyunyizia maji kwa juu mpaka likaonekana limelowa, akakimbilia mchezoni. Kesho yake Shangazi, ambaye ndiye aliyekuwa mkataji, alilishika jora lile akauliza:

"Hili nalo limelala majini?"

"Ndiyo, Shangazi. Usiku kucha."

Shangazi akatia mkasi, akaanza kukata.

Sketi zilipelekwa shuleni, zikasifiwa mpaka Mama akashindwa kuficha meno. Wanafunzi wakazivaa wiki nzima. Jumamosi zikafuliwa, na Jumatatu asubuhi, watoto walipojipanga mstarini, wasichana ishirini walikuwa wakivuta sketi zao kwenda chini kwa mikono miwili. Zilikuwa zimepanda juu ya magoti, na viuno vilibana. Kabla ya saa sita Fundi Tai alikuwa ameshasimama kwenye lango la shule na futi yake shingoni, kama mtu aliyealikwa. Kamati ya wazazi ikaitisha mkutano siku ya Jumamosi.

Mama na Shangazi walizigeuza sketi zile ndani na nje. Mshono ulikuwa safi, vipimo vilikuwa sawa.

"Basi ni kitambaa," alisema Mama kwa hasira. "Mama Majora ametuuzia kitambaa kibovu. Nitalisema jina lake mbele ya mkutano, liwalo na liwe."

Chiriku, aliyekuwa akifagia vipande vya vitambaa, alilisikia jina hilo. Mama Majora alikuwa mjane mzee mwenye duka la vitambaa. Karakana ilipoanza, wenye maduka wengine walimwambia Mama, "Njoo na mumeo." Mama Majora peke yake ndiye aliyemkaribisha, akamchagulia majora mazuri kwa mkono wake mwenyewe. Kusemwa vibaya mbele ya wazazi mia moja kungeua biashara yake.

Siku nne Chiriku aliacha chakula nusu sahani. Shangazi akamshika paji la uso kuona kama ana homa.

Jumamosi, Mama alipokuwa mbele ya kioo akijifunga ushungi wake mweusi, Chiriku alisimama nyuma yake.

"Mama, kitambaa hakina kosa. Jora la tatu sikuliroweka. Nililinyunyizia maji tu, kisha nikamdanganya Shangazi."

Mkono wa Mama ulibaki hewani na pini. Akakaa kwenye kiti cha cherehani. Chiriku alitamani apigwe kofi yaishe, lakini Mama hakumgusa.

"Unajua nilichokuwa naenda kusema kule?"

"Najua, Mama."

"Ningemsingizia mwanamke wa watu. Kwa ulimi wangu huu!"

Shangazi akashusha sauti. "Wifi, tukisema ni mtoto, watatucheka mpaka tufunge mlango. Tukisema ni kitambaa, nani atajua?"

"Mungu anajua. Mimi najua. Na huyu anajua, tena atajifunza kwetu namna ya kuishi." Mama akasimama, akachoma pini mahali pake. "Vaa viatu, Chiriku. Tunakwenda wote."

Mkutano ulikuwa kwenye darasa kubwa, watu wamebanana kwenye madawati ya watoto. Fundi Tai alikuwa ameshapewa nafasi ya kusema.

"Ndugu wazazi, mimi sina ubaya na mama zetu hawa," alisema kwa upole wa kujitengenezea. "Lakini mwanamke wa Kiislamu, mwenye stara zake, mahali pake ni ndani. Biashara ina vishindo. Matokeo ndiyo hayo, mmeyaona kwenye magoti ya watoto wenu."

Watu wakacheka. Mama akanyanyuka kabla hajaitwa.

"Kosa ni letu," alisema, na kicheko kikakatika ghafla. "Jora moja halikurowekwa, na mimi mwenye karakana sikulikagua. Kitambaa ni kizuri, aliyetuuzia hana lawama. Sketi ishirini mpya zitafika Ijumaa, na hakuna mzazi atakayetoa chochote."

"Ni mimi!" Sauti ya Chiriku ilimtoka nyembamba. Hakukumbuka aliinuka saa ngapi. "Ni mimi ambaye sikuliroweka."

"Mnaona?" Fundi Tai alipiga makofi. "Karakana ya watoto!"

Mama akamgeukia taratibu.

"Fundi, nikuulize. Mwaka juzi suruali ulizoshona zilipasuka nyuma, siku ya mashindano ya mbio, mbele ya wageni. Kuna mtu aliyesema wanaume wakae ndani?"

Darasa zima liliangua kicheko, na safari hii Fundi Tai hakucheka.

"Hakuna. Watu walisema uzi ulikuwa mbovu, yakaisha. Basi na leo semeni jora halikurowekwa, ila ushungi wangu uacheni! Kitambaa hakijui kama aliyekikata ni mwanamke au mwanamume. Mama wa Waumini, Bi Khadija, alikuwa mfanyabiashara, mali yake ilivuka jangwa. Mimi nashona sketi tu, tena mlangoni kwangu, na bado mnapiga kelele!"

Mama mmoja wa nyuma akasema, "Sema, dada!" Mwalimu mkuu, mwanamke mnene asiyependa maneno mengi, akagonga meza.

"Leteni hizo sketi Ijumaa. Tutazifua mara tatu hapahapa shuleni. Baadaye ndipo tutaongea."

Kutoka mkutanoni Mama hakupita nyumbani. Alimpeleka Chiriku moja kwa moja dukani kwa Mama Majora, akamsukuma mbele kidogo. Chiriku akaeleza yote, hata lile la kutaka kumsingizia. Mama Majora alimsikiliza huku akikunja kitambaa.

"Nilipofungua duka hili walisema nitafunga kabla ya mwezi kuandama," alisema mwishowe. "Leo ni miaka thelathini, na waliosema wananunua kwangu. Lakini nikwambie kitu, mjukuu wangu. Wenzetu wanaume wakikosea, huambiwa wamekosea. Sisi tukikosea, huambiwa hatufai. Si haki, lakini ndivyo ilivyo. Kwa hiyo ukikosea sema mapema, kabla hawajakusemea." Kisha akainuka kuwachagulia jora jingine.

Wiki ile Chiriku hakuuona mpira kwa macho. Aliroweka, akakamua, akaanika, akapiga pasi mpaka viganja vikamwiva. Kila jioni Shangazi alitumbukiza mkono wake kwenye pipa mpaka kwenye kiwiko kuhakikisha, na Chiriku hakununa, kwa kuwa alijua imani iliyovunjika hairudi kwa siku moja. Ijumaa sketi ishirini zilifika shuleni. Zilifuliwa mara ya kwanza, ya pili na ya tatu, na mwalimu mkuu akazipima kwa rula yake ya mbao. Hazikupungua hata upana wa ukucha.

Siku ya pili yake barua ikaja: sare za shule nzima, sketi, suruali na mashati. Shangazi alipiga kigelegele kilichofika ng'ambo ya barabara. Fundi Tai akatokea kwenye mlango wake.

"Haya, na mnafunga lini?" akauliza kwa kejeli.

"Wakati wa swala!" Mama alimjibu. "Tukimaliza tunafungua. Pita ujifunze kuroweka, hatutozi!"

Mafundi walicheka mpaka vyerehani vikasimama. Kicheko kilipopoa, Mama alimwita Chiriku kwenye meza ya kukatia.

"Mwanangu, yule amesema juu yetu mwaka mzima. Amesema barabarani, amesema shuleni, amesema mpaka mkutanoni. Je, ametufunga?"

"Hapana, Mama."

"Hawezi. Maneno ya nje hayajawahi kufunga mlango wa mtu anayefanya kazi yake vizuri. Uliokaribia kutufunga ni uongo wa maneno manne, uliosemwa hapa kwenye meza hii, na mtoto wangu mwenyewe. Wahenga walisema kikulacho ki nguoni mwako. Pambana na wanaokuambia huwezi, tena pambana nao kwa nguvu zote. Lakini anza na ule uvivu na uongo ulio ndani yako, kwa sababu hao ni maadui wanaoingia bila kubisha hodi."

Chiriku alikaza ushungi wake. Akaenda uani kujaza mapipa.