Ya Kunywa au ya Kupaka?

Wateja wa Candida walikuwa wasanii. Wacheza shoo walimletea vifundo vilivyoteguka jukwaani. Waimbaji wa taarabu walimletea sauti zilizokauka siku moja kabla ya harusi. Alisomea tiba ya viungo, akafanya kazi hospitali miaka sita, kisha akakodi chumba ghorofani, Kariakoo. Wasanii walimwita dokta. Aliwaambia kila siku kwamba yeye si daktari, lakini nani alimsikiliza?

Chumba hicho hicho ndimo alimolelea wanawe. Tarsis, wa miezi minane, alikuwa mgongoni. Brightness, wa miaka minne, alikuwa kila mahali. Baba yao alikuwa kikazi Moshi, na dada wa kazi alikuwa ameacha. Basi Candida alichua miguu ya watu huku jicho moja likimtafuta Brightness.

Sasa sikiliza kosa lilipoanzia. Candida alitengeneza vitu viwili. Waimbaji aliwapa maji ya chumvi ya kusukutua koo. Wachezaji aliwapa mafuta makali ya kuchua. Vyote alivitia kwenye chupa tupu za maji ya kunywa, kwa sababu zilipatikana kirahisi. Alizitofautisha kwa harufu tu. Mtu mzima akinusa, anajua. Lakini jamani, mafuta yale yalinukia kama peremende.

Na Brightness alikuwa akiwatazama waimbaji. Wanainua chupa, wanasukutua, halafu wanaimba vizuri. Aliiita dawa ya kuimba.

Jumanne moja mchana alikuja mwimbaji mmoja, Abdulmajid. Candida alikuwa akimfundisha kupumua kwa tumbo. Mara wakasikia kikohozi nyuma ya pazia. Candida akalivuta. Brightness alikuwa amekaa chini, chupa mkononi, kidevu kimelowa.

"Mama, na mimi nimekunywa dawa ya kuimba."

Candida alimnusa mdomo. Ulinukia peremende. Abdulmajid alikimbilia maziwa dukani. Candida akamtia mtoto kidole kooni ili atapike, kama alivyoona watu wakifanya tangu utotoni. Yote aliyosoma chuoni yalimtoka kichwani. Woga ulikuwa umemjaa.

Chini yao palikuwa na duka la dawa la Jasvanti. Yeye ni mfamasia, na familia yake imeishi mtaa huo tangu enzi za babu yake. Alisikia mbio kwenye ngazi, akapanda kuangalia, na mlangoni akainusa harufu ya mafuta.

"Mama Brightness, toa kidole," alisema. "Usimtapishe. Mafuta yakirudi juu yanaweza kuingia kwenye mapafu."

Abdulmajid alikuwa amesimama mlangoni na pakiti ya maziwa. Jasvanti alimwambia aiweke chini. Maziwa hayaui sumu, alisema, yanapoteza muda tu.

"Amekunywa kiasi gani?"

"Sijui, dada Jasvanti. Labda funda moja. Sijui."

"Beba hiyo chupa, hospitali wataiuliza. Tunaenda sasa hivi."

"Mbona anacheka? Labda hajameza."

"Acha acheke. Funda dogo la mafuta haya linaweza kumuua mtoto. Hatusubiri dalili."

Walipanda bajaji. Jasvanti alimpakata Tarsis. Karibu na Mnazi Mmoja foleni ikawashika, na kicheko cha Brightness kikakatika. Alitapika mwenyewe. Jasvanti akamlaza ubavu haraka ili asipaliwe. Mtoto akaanza kupumua upesi upesi, kama mtu aliyepanda ngazi nyingi.

"Mama, zima kengele," alisema.

Hapakuwa na kengele. Candida alimtazama Jasvanti. Jasvanti akamweleza polepole kwamba sumu ile hufanya masikio yavume. Candida alimpangusa mtoto mdomo. Mikono yake ilinukia mafuta yale yale. Aliwaza kwamba amemuua mwanawe kwa kazi ya mikono yake, na hakuthubutu kulisema.

Hospitali, daktari aliichukua chupa. Haikuwa na maandishi ya kutaja mafuta. Candida akamtajia kila alichochanganya, machozi yakimtoka. Brightness akawekewa dripu, akapimwa damu mara kwa mara. Siku mbili Candida hakula. Kila mtoto alipopumua, alihesabu. Aliogopa, na aliogopa zaidi kila Brightness alipoitwa asiitike.

Siku ya tatu asubuhi, Brightness alifumbua macho.

"Mama, wamezima kengele."

Candida alisogea hadi mlangoni. Akamwita kwa sauti ya chini kabisa. Brightness akageuza kichwa. Candida alilia hapo hapo, mbele ya wauguzi, wala hakuona aibu.

Aliporudi kazini, chupa zote za maji alizitupa. Mafuta sasa yako kwenye chupa nyeusi zenye vifuniko ambavyo mtoto hawezi kufungua. Kila moja imeandikwa kwa herufi kubwa: SUMU. YA KUPAKA TU. Zinakaa kwenye kabati la juu, na ufunguo anauvaa shingoni. Waimbaji wanachanganyiwa chumvi kwenye kikombe, mbele yao. Asubuhi Brightness yuko chekechea.

Wasanii walinung'unika kidogo. Beno, mcheza shoo, alikuja na chupa ya soda ajaziwe mafuta. Candida alikataa. Alimuuliza kama nyumbani ana watoto. Beno akasema anao wawili. Basi Candida akamkalisha, akamsimulia tangu pazia mpaka kengele. Beno aliichukua ile chupa nyeusi, akauliza kabati lake aliweke urefu gani.

Kabla ya kuondoka alitoa maji yake kwenye begi ili anywe. Brightness, aliyekuwa amerudi kutoka shule, akamshika suruali.

"Hiyo ni ya kunywa au ya kupaka?"

Beno alitaka kucheka. Alimtazama Candida, na Candida hakuwa akicheka.

"Mjibu," alisema.