Mbuzi Tisa Wasiokuwepo

Asubuhi hiyo Veneranda alikuwa anachemsha chikichi ili akamue mawese. Pipa lilikuwa nje, moto umekolea. Mume wake, Selestini, alikuwa bandani anawafungulia mbuzi. Walikuwa kumi na mmoja. Aliwajua mmoja mmoja kwa rangi na kwa tabia, lakini hakuwahi kutaja idadi yao mbele ya watu. Akiulizwa, alisema tu, "Tunavyo vijimbuzi."

Nyumba yao ilikuwa mwendo wa saa moja kwa miguu kutoka Ilagala, upande wa vilimani. Jirani yao wa karibu alikuwa Yunisi, mjane mwenye maneno mengi na mbuzi wengi. Siku hiyo alifika akihema, salamu ya asubuhi mdomoni.

"Mwakeye! Baba Wema, mbuzi wako bado wamesimama hapo mlangoni? Yuko msichana kwa Dismasi. Ana kishikwambi. Anauliza mbuzi."

"Anauliza nini kuhusu mbuzi?"

"Wangapi. Majike wangapi, madume wangapi. Ekari ngapi. Mpaka kuku anauliza!"

"Wewe umesema wangapi?"

"Watatu."

"Unao kumi na wanne."

"Najua ninao wangapi," Yunisi alisema. "Wengine wako mtoni saa hizi."

Selestini alichukua fimbo. Aliwaswaga mbuzi tisa hadi kwenye michikichi iliyo bondeni, akawafunga huko. Alibakiza wawili tu bandani: jike mmoja mzee na dume mmoja anayechechemea.

"Mbona unahangaika hivyo?" Veneranda aliuliza. "Mtu anauliza tu."

"Hakuna anayeuliza tu, Mama Wema. Baba yangu aliulizwa ana ng'ombe wangapi. Akasema. Mwezi uliofuata wakaja kudai kodi. Leo anauliza mbuzi, kesho atauliza babu yako alizikwa wapi."

Veneranda aligeukia pipa lake. Babu yake alizikwa ng'ambo, Burundi. Watu wa mpakani wanajua maswali ya uraia yanavyoanza.

Msichana alifika. Aliitwa Diana. Alionyesha kitambulisho na barua yenye muhuri wa ofisi ya kijiji.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba. Nani amekutuma?"

"Mimi ni mdadisi wa takwimu za kilimo na mifugo. Tunapita nyumba kwa nyumba. Majibu yako ni siri kwa sheria. Jina lako halitatolewa."

"Kama jina halitolewi, kwa nini unaliandika?"

"Ili nisihesabu nyumba moja mara mbili."

Selestini alimtazama. Jibu lilikuwa limekuja haraka mno. Yeye aliamini kwamba mwongo hodari hujibu haraka.

"Mbuzi wawili," alisema. "Hao unaowaona."

Wakati huohuo mbuzi mmoja alilia kule bondeni. Kisha wa pili. Kisha wote.

"Wale ni wa nani?" Diana aliuliza.

"Wa jirani."

"Ndiyo, wangu," Yunisi alidakia.

"Lakini mama, uliniambia watatu, na wote watatu niliwaona kwako."

"Basi ni wa jirani mwingine," Yunisi alisema, akaanza kupanga kuni zisizohitaji kupangwa.

Diana aliandika wawili. Maswali ya mashamba nayo Selestini aliyajibu kwa namna hiyohiyo. Msichana aliposhukuru na kuondoka, Selestini alimsindikiza kwa macho mpaka alipopotea kwenye kona.

"Umeona?" alimwambia mke wake. "Yamekwisha."

Miezi mitano ilipita. Hakuna aliyekuja kudai kodi. Selestini alijisifu kwamba ni kwa sababu alikuwa amejibu vizuri.

Kisha habari mbaya zilitoka kijiji cha jirani. Mbuzi walikuwa wanakufa. Walianza kwa homa na machozi. Kamasi nzito ziliziba pua. Midomo ilijaa vidonda, hawakuweza kula. Walikohoa, wakaharisha, na ndani ya siku chache wakafa. Mzee mmoja alikuwa na mbuzi thelathini. Alibaki na wanne.

Bwana Meshack, afisa mifugo wa kata, alipita na pikipiki akitangaza. "Huu ni ugonjwa wa sotoka ya mbuzi na kondoo. Hauna dawa ya kuuponya. Una chanjo tu. Jumatano, saa mbili asubuhi, leteni mbuzi wote na kondoo wote kwenye uwanja wa shule. Chanjo ni ya bure."

Selestini aliposikia neno "bure" alikunja uso. Jumanne yote alifikiri. Siku ya chanjo ilipofika, aliwatoa bandani jike mzee na dume anayechechemea.

"Na wengine?" Veneranda aliuliza.

"Niliandikisha wawili. Nikipeleka kumi na mmoja, wataniuliza tisa wametoka wapi. Mbuzi hawashuki na mvua."

"Kwa hiyo unakwenda kumkinga mbuzi kilema, na wale majike wanne wenye mimba unawaacha?"

"Nakwenda kuangalia kwanza."

Uwanjani watu walikuwa wengi. Bwana Meshack alifungua kasha la barafu. Alitoa kichupa kidogo chenye unga mkavu, akauchanganya na maji yake maalumu.

"Chupa hii ni dozi mia moja," alieleza. "Ikishachanganywa lazima itumike ndani ya saa mbili hivi. Haiwezi kuwekwa hadi kesho. Tuanze."

Mbuzi wa Selestini walichomwa sindano kati ya wale wa mwanzo. Alisimama pembeni kuona kama wataanguka. Hawakuanguka. Kisha alimwona Yunisi akija na kundi zima. Mbuzi kumi na wanne, wala haoni haya.

"Yunisi! Si ulisema watatu?"

"Nilisema watatu kwa yule msichana. Sotoka haikuwepo aliponiandika. Baba Wema, wewe wa kwako wako wapi? Au bado ni wa jirani mwingine?"

Watu walicheka. Selestini hakucheka. Aliwafunga wale wawili kwenye mti, akakimbia nyumbani. Alipanda kilima kama kijana. Aliwakusanya mbuzi tisa, akateremka nao mbio.

Aliporudi, Bwana Meshack alikuwa anafunga kasha. Kichupa kilikuwa kitupu. Mbele ya Selestini kulikuwa bado na foleni ndefu. Mzee Nduwayo alikuwa na mbuzi ishirini na wawili, na hata mmoja hakuwa amechanjwa.

"Chanjo iko wapi?" Selestini aliuliza.

"Imekwisha, mzee wangu. Nilipewa chupa moja."

"Chupa moja kwa kijiji kizima?"

"Moja."

"Basi zilikuwa nyingi na mmeziuza!" Selestini alisema kwa sauti kubwa. "Nilijua! Bure haipo. Zingine ziko kwa matajiri wa mjini!"

Minong'ono ilianza. "Kweli." "Chupa moja itatosha nini?" Mtu mmoja aliushika usukani wa pikipiki ya Meshack ili asiondoke.

Bwana Meshack hakukasirika. Alitoa karatasi kwenye mkoba.

"Mzee Selestini, unajua kusoma?"

"Ninajua. Na sitadanganywa."

"Vizuri. Basi usinisikilize mimi. Soma."

Juu iliandikwa: Makisio ya Mazao na Mifugo. Selestini aliichukua kwa mikono miwili. Kwanza alitafuta jina lake. Alipitisha kidole mstari kwa mstari. Aligeuza nyuma. Halikuwepo. Jina la Yunisi halikuwepo. Jina la mtu yeyote halikuwepo. Kulikuwa na majina ya vijiji na namba tu.

"Majina mmeyaficha wapi?"

"Hayaletwi kwetu. Hiyo ndiyo sheria ya takwimu. Sisi tunapata jumla ya kijiji. Tafuta kijiji chenu."

Alikipata. Mbele yake paliandikwa: Mbuzi, 86.

"Themanini na sita," alisoma polepole.

"Halmashauri ilipoona themanini na sita, ilitenga dozi mia moja," Bwana Meshack alisema. "Hata walifikiri wamewazidishia."

Selestini alianza kuhesabu kimoyomoyo. Yeye, kumi na mmoja. Yunisi, kumi na wanne. Mzee Nduwayo, ishirini na wawili. Hao tu ni arobaini na saba. Dismasi, kumi na saba. Alphonce, kumi na watatu. Sabini na saba. Telesphory, kumi na tisa. Tayari tisini na sita. Nyumba sita tu zilikuwa zimeipita jumla ya kijiji chenye kaya zaidi ya mia.

Alitazama watu waliomzunguka. Kila mmoja alikuwa anatazama chini. Alikuwa amemtafuta mwizi wa chanjo tangu alipofika uwanjani. Sasa alimpata, na hakuweza kumtaja.

"Karatasi hii ni ya kazi gani?" aliuliza kwa sauti ya chini.

"Kila mwaka wilaya inakisia mwaka unaokuja," Bwana Meshack alieleza. "Mahindi yatatosha au yatapungua? Mbuzi wa kuuza watapatikana wapi? Hapo ndipo chanjo inapoagizwa. Mbolea ya ruzuku inapangwa hapo. Hata mnunuzi wa muhogo anauliza kwanza wapi kuna muhogo, ndipo alete gari. Kisio linajengwa kwa hesabu. Hesabu ikiwa ya uongo, kisio nalo ni la uongo. Tazama mstari wa mahindi."

Selestini alitazama.

"Kwa namba hiyo," Bwana Meshack alisema, "nyinyi mmeshakufa njaa tangu mwaka juzi. Lakini nawaona mmenenepa."

Yunisi ndiye aliyecheka wa kwanza. Aliyeshika pikipiki aliiachia.

"Na kodi?" Selestini aliuliza. Swali hilo lilikuwa limemkaa kifuani miezi mitano.

"Takwimu hizi hazitozi mtu kodi. Kuzitumia kwa jambo kama hilo ni kosa kisheria. Ukiona mtu anafanya hivyo, mshitaki."

"Yewe! Mimi nimshitaki mtu wa serikali?"

"Wewe. Leo si umenishitaki mimi mbele ya watu wote?"

Walikubaliana kuhesabu upya ili chanjo nyingine iombwe. Mtu mmoja alipendekeza kila mwenye mbuzi ataje idadi yake hapohapo.

"Hapana," Selestini alisema. "Mdomo wa mtu siuamini. Hata wangu. Twendeni mabandani."

Kwa siku mbili Selestini na Bwana Meshack walipita banda kwa banda. Selestini alihesabu kwa kugusa kila mgongo. Alichungulia nyuma ya majiko. Alishuka mabondeni kwenye michikichi, kwa sababu alijua mahali mbuzi wanapofichwa. Jumla ilikuwa mbuzi mia nne thelathini na mmoja. Mia moja walikuwa wamechanjwa. Mia tatu thelathini na mmoja walibaki. Zilihitajika chupa nne.

"Zitafika baada ya wiki mbili," Bwana Meshack alisema. "Mpaka wakati huo, msiwachunge pamoja. Mkatieni kila mbuzi majani nyumbani. Msinunue mbuzi mgeni. Atakayekohoa, mtengeni peke yake, na vyombo vyake vya maji viwe mbali."

Selestini alijenga zizi dogo nyuma ya nyumba. Siku ya sita, jike mmoja mwenye mimba aliamka na machozi. Siku ya nane, mwenzake mwenye mimba alianza kukohoa. Aliwatenga wote wawili haraka. Veneranda aliwapa uji mwembamba kwa chupa, kwa maana midomo ilikuwa na vidonda. Haikusaidia. Wa kwanza alikufa siku ya kumi na moja, na wa pili kesho yake.

Selestini alichimba shimo refu, akawafukia. Hakuwachuna wala hakuuza nyama. Veneranda alisimama karibu naye na jembe.

"Sema tu," Selestini alimwambia. "Sema unachotaka kusema."

"Sina la kusema, Baba Wema. Hawa walikuwepo siku ile. Wewe ulisema hawapo. Sasa hawapo kweli."

Chupa nne zilifika siku ya kumi na tano. Safari hii hapakuwa na msongamano. Kila mtu alikuja na mbuzi wake wote, na kila dozi ilijua mahali pa kwenda. Wale saba wa Selestini walichanjwa wakiwa wazima.

Ugonjwa ulipita kwenye vijiji vya bonde lile kwa miezi miwili. Kijiji cha jirani mabanda mengi yalibaki matupu, watu wakaanza kufugia kuku humo. Katika kijiji kizima cha Selestini walikufa mbuzi kumi na wawili tu, wote kabla chanjo ya pili haijaanza kufanya kazi. Majike wawili waliobaki na mimba walizaa salama, mmoja mapacha.

Msimu wa kulima ulipokaribia, Bwana Meshack alifika tena nyumbani. Safari hii alikuja na mwenzake, mtaalamu wa kilimo, na daftari.

"Tunaandaa makisio ya mbolea," alisema. "Mzee Selestini, una ekari ngapi za mahindi?"

Selestini alinyoosha mkono kwanza. Aliomba kitambulisho cha yule mgeni, akakisoma mbele na nyuma. Aliuliza nani ataisoma hesabu hiyo. Aliuliza itatumika kwa nini, na itakuwa wapi baada ya hapo. Aliuliza kama jina lake litatoka. Mgeni alijibu yote bila haraka. Veneranda aliacha kupepeta maharage, akasubiri.

"Tatu na nusu," Selestini alisema.

Mgeni alishusha kalamu kwenye daftari. Selestini aliweka kiganja chake juu ya ukurasa.

"Usiandike kwanza. Vaa viatu vyako vizuri, twende shambani. Utapima mwenyewe."