Mlima Ulionyamazishwa

"Kondoo wamepita."

Venera Scuderi, jasusi wa idara ya usalama pale Catania, alikuwa amekula nusu ya arancino yake, donge la wali la kukaanga, simu ilipoita. Aliacha kutafuna.

"Rudia, Mzee Saro."

"Mashine inasema kondoo wa mchungaji Turi wamepita leo saa tatu asubuhi, na makengele yao ya chuma shingoni. Hatua mbili tu kutoka kwenye kipimo, kama kawaida yao, mashetani wale! Lakini huu ni Januari, binti yangu. Kondoo wa Turi wako bondeni tangu Novemba."

Saro Cutuli alikuwa ametunza vipimo vya usumaku juu ya volkano ya Etna miaka thelathini. Mwamba ukipashwa moto kutoka chini hupoteza usumaku wake, na vipimo huliona hilo kabla miguu ya watu haijahisi tetemeko lolote. Sasa kipimo kilikuwa kinaona kondoo wasiokuwepo. Maana yake moja tu: kuna mtu anakilisha rekodi ya zamani.

Mtu ameuziba mlima mdomo.

Venera alimjua mtu huyo. Wiki tatu nzima alikuwa akimwinda Brandl, mgeni mwenye pasipoti nne na sura ya kasisi. Ndege yake ya mizigo ilikuwa iruke kutoka Catania saa kumi na moja jioni, na Venera aliamini imebeba makombora, ila ushahidi hakuwa nao. Tahadhari ya volkano ingeufunga uwanja. Brandl alihitaji mlima mtulivu kwenye karatasi, basi. Watakaoungua si ndugu zake.

Chini ya mlima kulikuwa na kijiji cha Sciaranova. Watu mia nane, na mmoja wao mama yake Venera.

Saa nane na nusu Fiat Panda yake ilisimama kwenye lango la kituo cha vipimo. Ukungu mzito. Harufu ya kiberiti. Kando ya njia theluji ilikuwa imeyeyuka, mahali ambapo Januari haiyeyuki.

Saro akanyoosha mkono. "Bastola."

"Mzee, huko juu kuna mtu anaweza kuniua."

"Na mkanda. Na funguo. Chuma hakipandi pale, kinavuruga kipimo, hata askofu alivua saa yake hapa hapa. Shika nyundo yangu ya shaba."

Ubishi wa mzee yule ungemchosha punda. Venera akamkabidhi Beretta yake na simu, akabaki na nyundo na redio ndogo tu, akapanda.

Ndani ya kibanda cha mbao alikiona mara moja: kisanduku cheusi kimenyonya waya wa kipimo. Akakichomoa. Akaunganisha waya halisi. Skrini ikaamka.

Mstari wa usumaku ukaanguka.

Ulishuka kama ndoo iliyokatika kamba kisimani, na ulikuwa hauna dalili ya kufika chini. Mama.

Kisha mstari ukaruka juu. Ukaruka tena, mara hii zaidi.

Chuma. Chuma kinachotembea, ndani ya ukungu, kinapita kando ya kipimo kuja mlangoni.

Akajitupa sakafuni. Risasi ikapasua ubao pale kilipokuwa kichwa chake. Buti likakanyaga kizingiti, na nyundo ya shaba ikatua kwenye goti. Brandl, aliyekuja kulinda kisanduku chake, akapiga yowe, bastola ikamtoka mkononi. Nyundo ikapanda hadi kidevuni.

Akaanguka chali, akazirai.

Venera akashika redio, akamwita mkuu wake. "Kanali Ingrassia, funga uwanja. Hamisha Sciaranova. Moto unapanda."

"Ukikosea, Scuderi, Roma watanichuna ngozi. Una uhakika?"

"Mama yangu yuko pale. Nimeogopa, Kanali, na nina uhakika. Piga kengele!"

Redioni Kanali akasikika akitoa amri.

"Inapigwa."

Saa kumi na dakika ishirini ardhi ilipasuka juu ya kijiji kisicho na mtu. Ndege ilikuwa imezuiwa ukingoni mwa njia ya kurukia, na masanduku yake yalikuwa yanafunguliwa moja baada ya jingine, makombora ndani. Askari wawili wakambeba Brandl mzegamzega. Venera akachukua vitu vyake kwa Saro, akapiga simu.

"Wamenitoa na aproni!" mama akafoka. "Hata jiko sikuzima! Askari wako hawana adabu."

"Uko kwenye basi?"

"Niko. Nyumba imepona?"

Ukungu ulikuwa umefunguka. Kule chini, mto wa moto wa mlima ulikuwa unaingia kwa dirisha la jikoni kwa mama, polepole, bila haraka yoyote.

"Hapana, mama. Naiona inakwenda."

Venera alisikia basi likinguruma na wanawake wakisali rozari.

"Haya," mama akasema hatimaye, sauti imekauka. "Uje ule kwa shangazi yako. Usichelewe. Na upitie mkate."

"Napitia."

Akafunga zipu ya koti, akaanza kushuka kwa mwendo wa mtu anayewahi duka kabla halijafungwa.