Aliyeshindwa Anatoka

Binti alikuwa anateremka ngazi na chupa ya maji mkononi aliposikia mpira unakwenda na kurudi. Akasimama. Huko chini alimwacha baba yake peke yake.

Ngoja niwaeleze ni watu gani hawa. Baba ni fundi viatu, na mtaani kwao wanamwita Ukuta, maana kwenye mpira wa meza hakuna utakachompigia kisirudi. Yeye hapigi makombora. Anarudisha tu, anarudisha tu, mpaka mwenzake achoke akosee. Makombora ni ya binti, aliyefundishwa akiwa mdogo kwenye meza ya chakula, vitabu vikiwa wavu, mama yake akipiga kelele kwamba watamvunjia vyombo. Sasa walikuwa ugenini, nchi ya watu, wakisubiri baba apasuliwe goti, na nyumba ya wageni waliyofikia ilikuwa na meza safi kabisa kwenye chumba cha chini. Chumba kilikuwa kimefungwa na mwangalizi wa nyumba alikuwa amesafiri. Lakini Ukuta na mdomo wake mtamu! Alimbembeleza mfagizi mpaka akapewa ufunguo.

"Bovu ni goti, mama," alimwambia binti yake. "Mkono mzima huu."

Sheria yao ilikuwa ile ile ya mtaani: aliyeshindwa anatoka, mwingine anaingia. Asubuhi hiyo binti alishindwa. Ukuta akavigeukia viti vitupu, akapiga majigambo yake ya kila siku, "Nani tena? Aje!" Binti akacheka, akapanda kufuata maji.

Sasa mpira huo unachezwa na nani?

Alipoingia, mpira ulikuwa umetulia. Baba alikuwa anahema, uso unang'aa kwa furaha.

"Hukupishana naye ngazini? Yule bwana ana mkono, mwanangu! Kasema tutamalizia kesho."

Ngazi ilikuwa moja, na binti hakupishana na mtu. Chumba kilinuka kama njiti ya kiberiti iliyozimwa sasa hivi. Aliishika raketi ya upande wa pili, akairudisha haraka mezani. Mpini ulikuwa wa moto.

"Baba, tusirudi huku," alinong'ona.

"Unaogopa nini? Mtu mstaarabu yule. Mipira yake laini mno."

Kesho yake binti alikwenda hospitali kuchukua majibu ya vipimo. Aliporudi, kitanda cha baba kilikuwa kitupu na mkongojo wake umeegemezwa juu ya ngazi za chumba cha chini. Mwangalizi alikuwa amesimama pale pale, begi la safari bado begani.

"Dada, mzee wako yuko chini," alisema kwa sauti ya chini, kwa lugha ya kuungaunga. "Mwambie asim—"

Binti hakungoja. Aliruka ngazi, na kila alivyoshuka ndivyo harufu ya kiberiti ilivyomkaba koo na ndivyo mlio wa mpira ulivyozidi kuwa karibu, ta, ta, ta, ta, bila kukatika, bila kupumzika, mpaka akafika mlangoni akamwona baba yake amening'inia ukingoni mwa meza, goti limevimba hadi suruali imekaza, machozi na jasho vinamtiririka, bado anarudisha, na upande wa pili hakuna mtu, ni raketi tu inayoelea hewani, ikimletea mpira wa juu, wa polepole, kama ule anaopewa mtoto anayejifunza.

"Siwezi kuuacha, mama," baba alilia. "Tangu asubuhi. Haukosi. Utaniua huu."

Binti aliogopa kufiwa kuliko alivyomwogopa jini huyo asiyeonekana. Akampokonya raketi. "Nipishe, baba!"

Mpira ulikuja, laini, umeiva. Akaushindilia kombora kwa nguvu zake zote. Ulipiga kona ya meza ukapotelea ukutani. Raketi ya upande wa pili ikaanguka. Halafu hewa ya moto ikawapita, na hatua zikasikika zikipanda ngazi, taratibu, kama za mtu anayetoka kwenye mchezo bila kinyongo.

Juu, mwangalizi alikuwa ameketi sakafuni.

"Nani kashinda?"

"Mimi," binti alisema, na kusema kweli alijivuna.

Mwangalizi akajishika kichwa. "Ole wetu. Mganga alimfunga hapo kwa sheria ya meza. Asitoke mpaka ashindwe. Hawezi kukosa kwa makusudi, ndiyo maana anabembeleza kwa mipira laini, anasubiri mwenye pupa. Ungeudaka tu kwa mkono, dada, ukubali kushindwa. Yangeisha."

"Sasa kaenda wapi?"

"Nyumbani kwa waliomtoa. Sasa yeye ni mgeni wenu."

Binti alikuwa anamkanda baba goti kwa maji ya moto simu ilipolia. Alikuwa mama; binti akaweka sauti ya juu ili wote wasikie.

"Nyie watu mna visa! Mnarudi hata kunibipu hamnibipu?"

"Mama, sisi bado tuko huku."

"Toka hapa! Baba yako yuko sebuleni anadundisha mpira. Kaingia mbio, goti limepona kweli kweli. Ila nyumba nzima inanuka kiberiti, mmeniletea zawadi gani?"

Nyuma ya sauti ya mama ikasikika nyingine, nzito, ya majigambo. "Nani tena? Aje!"

Ukuta alikuwa ameketi kitandani, mdomo ameufumba.

"Nakuja, mume wangu," mama aliitikia kwa furaha. "Acha ninawe mikono."

"Mama, usi—"

Simu ilikuwa imeshawekwa pembeni, haijakatwa. Walisikia maji ya bomba, walisikia kandambili zikiburuta kwenda sebuleni, kisha mpira ukaanza kwenda na kurudi, kwenda na kurudi, na mama hajawahi kushika raketi maishani mwake.