Mlinzi wa Kwenye Igizo

Kila Jumatano baada ya vipindi, darasa la sita lilisukuma madawati ukutani na kufanya mazoezi ya igizo. Mtunzi alikuwa msichana aliyeitwa Kipaza, kwa sababu ambazo hata majirani wa shule walizisikia. Igizo lilihusu wizi wa kengele ya shule, na wahusika aliwapata bila jasho: mwizi mwenye shati lililochanika, mwalimu mkuu mwenye busara, na mlinzi anayekoroma.

"Kwenye maigizo kila mlinzi analala," alisema. "Asipolala, mwizi ataingiaje?"

Kilichokosekana ni koti tu. Siku mbili kabla ya siku ya wazazi, Kipaza alikwenda getini kwa mlinzi wa shule.

"Shikamoo, babu. Naomba kuazima koti lako la zamani. Kuna mtu anaigiza mlinzi."

"Marahaba, mjukuu wangu. Mlinzi! Miaka kumi na tisa nipo hapa, sijawahi kuigizwa. Anafanya nini huyo?"

"Ana... analinda," alijibu Kipaza, akiangalia viatu vyake.

Kesho yake koti lilikuwa limefuliwa, limepigwa pasi, na lina vifungo viwili vipya.

"Bibi yako kavishona mwenyewe," mzee alisema. "Tutakuja wote wawili. Tutakaa mbele kabisa."

Kipaza alilibeba lile koti kama trei ya mayai. Alifika mlangoni pa darasa, akasimama, akageuka, akarudi getini.

"Babu, nilikudanganya. Kwenye igizo mlinzi anakoroma, kengele inaibwa, watu wanacheka."

Mzee alifungua geti, gari likapita, akaandika namba yake daftarini, akafunga.

"Na mwizi anaingilia wapi?"

"Anaruka ukuta."

"Wa kuruka ukuta nimemwona mmoja tu, na ni wewe, siku ile uliyochelewa. Walioiba hapa walipita getini mchana kweupe, wamechomekea, wamevaa tai. Nikiwauliza, naambiwa, 'Mwache apite, huoni ni mtu wa maana?'"

Kipaza alirudi darasani mbio, akafuta nusu ya igizo. Mwizi, mvulana aliyekuwa anajipaka masizi tangu Jumatatu, akaambiwa akanawe na aazime tai ya baba yake.

"Sasa watajuaje kama mimi ni mwizi?"

"Hawatajua. Ndiyo raha yake."

Siku ya wazazi, mwizi alipita ukumbini na begi mkononi, akisalimia kila mtu, na wazazi wakamwitikia kwa heshima zote. Alipotaka kutoka, mlinzi mwenye koti lililonyooka alimzuia.

"Mwache apite!" alifoka mwalimu mkuu wa kwenye igizo.

Mlinzi akasita. Maneno yake yote yalikuwa yameyeyuka kichwani. Kipaza, nyuma ya pazia, akafumba macho.

Kutoka mstari wa mbele sauti nzito ikasema, "Begi! Mwambie afungue begi!"

Begi likafunguliwa. Kengele ikaanguka, ikalia, na ukumbi mzima ukasimama kupiga makofi. Bibi wa vifungo ndiye aliyekaa wa mwisho.

Baadaye mwalimu wa Kiswahili aliwaambia, "Mlinzi wa kukoroma mlimwokota kwenye maigizo ya wengine. Huyu mmempata kwa kuuliza watu mnaoishi nao, tena baada ya mmoja wenu kukubali kusema kweli. Mhusika akitoka kwa watu, hadithi yenyewe inakaa sawa."

Koti lilirudishwa getini siku hiyohiyo, na vifungo vyake vyote. Mwizi ndiye aliyegoma kurudisha tai.